Grenada: Kwa nini kisiwa cha viungo huwa nafuu wakati wa vimbunga

WATALII wengi wanaozuru visiwa vya Karibea hufanya hivyo kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Aprili, wakati ambapo Ulaya na Amerika Kaskazini huwa zimeshikwa na baridi kali. Hicho ndicho kipindi cha mavuno kwa wenye hoteli, na bei za vyumba hupanda ipasavyo.

Ifikapo Juni, mambo hubadilika. Nchi za kaskazini huwa na joto lao wenyewe, meli nyingi kubwa za kitalii huelekea bahari ya Mediterania na pwani ya Alaska, nazo hoteli za Karibea huanza kupunguza bei ili zisibaki mahame.

Unafuu huo huwavutia wasafiri wengi wasio na mifuko mizito. Hata hivyo, wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali, na kabla ya kukata tiketi ni muhimu kufahamu ni kwa nini bei imeshuka na ni nani hasa anayebeba gharama ya unafuu huo.

Kisiwa cha Grenada, kilicho kusini mwa Karibea, ni mfano mzuri wa jambo hili.

Nchi hiyo ina visiwa vitatu vinavyokaliwa na watu, yaani Grenada kwenyewe, Carriacou na Petite Martinique. Ukubwa wake wote ni kilomita 344 mraba tu. Ilijinyakulia uhuru kutoka kwa Uingereza mnamo Februari 7, 1974, na mji wake mkuu ni St. George's.

Kwa mashabiki wa riadha nchini Kenya, Grenada si jina geni. Ndiko alikozaliwa Kirani James, aliyeipa nchi hiyo medali yake ya kwanza ya Olimpiki aliposhinda mbio za mita 400 jijini London mwaka wa 2012. Anderson Peters, aliyekuwa bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka wa 2019 na 2022, pia ni wa huko. Taji hilo liliwahi kuwa mikononi mwa Mkenya Julius Yego mwaka wa 2015.

Grenada hujulikana pia kama kisiwa cha viungo. Kungumanga, zao lililoletwa huko na Waingereza mwaka wa 1843, limechorwa hata kwenye bendera ya taifa. Basibasi, ambayo ni utando mwekundu unaozunguka kokwa ya tunda hilo, nayo huuzwa ng'ambo, pamoja na kakao, mdalasini na karafuu.

Hali ya hewa

Kinyume na wanavyodhani wengi, joto la Grenada halibadiliki sana mwaka mzima. Mchana huwa kati ya nyuzi 28 na 31 za Selsiasi, na upepo wa kutoka mashariki hupunguza makali ya jua.

Kinachobadilika ni mvua. Januari hadi Mei ni kiangazi, nayo mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Desemba. Mara nyingi mvua hiyo huja kwa kishindo, ikanyesha kwa muda mfupi na kukatika, kisha jua likatoka tena.

Kwa mgeni anayependa kutembea, mvua hiyo ina faida. Maporomoko ya maji ya Annandale, Concord na Seven Sisters hujaa, na msitu unaozunguka Ziwa Grand Etang, lililo katika shimo la volkano ya zamani, huwa wa kijani kibichi. Humo huishi kima ambao mababu zao waliletwa kutoka Afrika Magharibi enzi za biashara ya utumwa.

Ufuo wa Grand Anse, wenye urefu wa takriban kilomita tatu, uko upande wa magharibi wa kisiwa, na maji yake huwa matulivu kuliko ya mashariki. Upande wa mashariki ndio hupokea zaidi mwani wa kahawia unaoelea baharini. Tangu mwaka wa 2011, mwani huo umekuwa ukisukumwa kwa wingi kwenye fuo za Karibea, hasa katika miezi hiyo ya joto, na unapooza hutoa harufu mbaya.

Kaskazini mwa kisiwa, katika ufuo wa Levera, kasa wakubwa wenye gamba laini kama ngozi hupanda nchi kavu usiku kutaga mayai kati ya Machi na Agosti. Mgeni anayefika Juni au Julai bado anaweza kuwashuhudia, mradi aandamane na waelekezi walioidhinishwa na asiwamulike kwa taa kali.

Shelisheli na manjano

Chakula nacho hufuata majira. Kamba wakubwa hawavuliwi kati ya Mei na mwisho wa Agosti ili wapate kuzaana, na anayewauza wakati huo huvunja sheria. Badala yake masoko hufurika maembe.

Chakula cha kitaifa huitwa "oil down". Hupikwa kwa shelisheli, nyama iliyotiwa chumvi, majani ya majimbi na manjano, vyote vikitokoswa katika tui la nazi hadi tui likauke na kubaki mafuta chini ya chungu. Mpishi wa Mombasa au Lamu angevitambua karibu viungo vyote bila kuambiwa.

Agosti ndio mwezi wa shamrashamra. Tamasha kuu la kisiwa, Spicemas, hufikia kilele Jumatatu na Jumanne ya pili ya mwezi huo. Zamani sherehe hizo zilifanywa kabla ya Kwaresma, kama ilivyo katika nchi nyingi za Kikatoliki, lakini zilihamishiwa Agosti mwaka wa 1981.

Mwezi huo una uzito wake katika historia. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kutekelezwa Agosti 1, 1834, na waliokuwa watumwa wakawa huru kikamilifu Agosti 1, 1838.

Alfajiri ya Jumatatu ya tamasha, maelfu ya watu hujipaka mafuta meusi mwili mzima, wakavaa kofia zenye pembe na kuburura minyororo barabarani. Mchezo huo, uitwao Jab Jab, ni kejeli kwa mabwana wa mashamba waliowaita Waafrika mashetani. Wajukuu wa watumwa huivaa sura hiyo ya shetani na kumrudishia bwana tusi lake.

Mgeni anapaswa kujua kwamba wiki hiyo unafuu hutoweka. Wana wa Grenada wanaoishi Marekani, Kanada na Uingereza hurejea nyumbani kwa wingi, na vyumba hujaa mapema.

Vimbunga hutoka wapi?

Sababu kubwa ya bei kushuka ni kwamba miezi hiyo ndiyo ya vimbunga katika bahari ya Atlantiki. Msimu huanza rasmi Juni 1 na kumalizika Novemba 30, na hatari huwa kubwa zaidi kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba.

Vimbunga vingi vikali vya Karibea huanzia barani Afrika. Ngurumo na mvua zinazojikusanya juu ya nyanda za juu za Ethiopia na Darfur huzua mawimbi ya hewa ambayo husafiri kuelekea magharibi, yakavuka Sahel na kuingia Atlantiki katika pwani ya Afrika Magharibi.

Mengi kati ya mawimbi hayo hufifia bila madhara. Machache hukuta maji yenye joto la nyuzi 26 au zaidi pamoja na pepo tulivu angani, yakaanza kuzunguka na kupata nguvu hadi kuwa vimbunga.

Ili hewa ianze kuzunguka hivyo, ni lazima iwe mbali kiasi na ikweta, kwa sababu karibu na mstari huo nguvu ya mzunguko wa dunia inayoipinda hewa ni hafifu mno. Hii ndiyo sababu Kenya, inayokatwa na ikweta, haikumbwi na dhoruba za aina hiyo.

Grenada iko nyuzi 12 kaskazini mwa ikweta, na vimbunga vingi hupita kaskazini yake. Kwa miaka mingi wenyeji waliamini kwamba kisiwa chao kiko nje ya njia ya vimbunga, na watangazaji wa utalii waliirudia kauli hiyo kwa wateja.

Imani hiyo ilikuwa imetikiswa na kimbunga Janet cha Septemba 1955, lakini kizazi kipya kilikuwa kimesahau.

Ivan na Beryl

Septemba 7, 2004, kimbunga Ivan kiliipiga Grenada. Watu 39 walifariki, na takriban nyumba tisa kati ya kila kumi ziliharibiwa. Makao rasmi ya waziri mkuu, majengo ya bunge, makanisa na shule ziliezuliwa mapaa. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima.

Pigo lililodumu zaidi lilikuwa mashambani. Wakati huo Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kuuza kungumanga, ikitanguliwa na Indonesia pekee. Ivan aling'oa sehemu kubwa ya miti hiyo. Mkungumanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, hivyo mkulima aliyepanda upya alilazimika kutafuta riziki kwingine. Sekta hiyo haijawahi kurudia kiwango chake cha awali.

Miaka 20 baadaye ikawa zamu ya Carriacou. Kimbunga Beryl kilipewa jina Juni 28, 2024, na Julai 1 kilikuwa tayari kimetua kisiwani humo, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Hakijawahi kurekodiwa kimbunga chenye nguvu kiasi hicho mapema namna hiyo katika msimu wa Atlantiki.

Waziri Mkuu Dickon Mitchell alisema kisiwa hicho kilisawazishwa katika muda wa nusu saa. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo ya Carriacou na Petite Martinique yaliharibiwa.

Miezi michache tu kabla ya hapo, Desemba 2023, shirika la UNESCO lilikuwa limeutambua ufundi wa kuunda mashua za mbao wa visiwa hivyo viwili kama urithi wa binadamu. Mafundi walioenziwa kwa kazi ya mikono yao wakajikuta wakitafuta mabati ya kuezekea nyumba.

Kisiwa kikuu hakikuathirika kwa kiwango hicho, ingawa maeneo ya kaskazini yaliumia. Tamasha la Agosti liliendelea mwaka huo, huku jirani zao wa Carriacou wakiishi chini ya maturubai.

Serikali ilikuwa imejifunza kutokana na Ivan. Mfuko wa pamoja wa bima ya majanga wa nchi za Karibea, ulioanzishwa mwaka wa 2007, uliilipa Grenada zaidi ya dola milioni 40 za Marekani. Aidha, baadhi ya mikataba yake ya madeni ina kifungu kinachoiruhusu kuahirisha malipo ikipigwa na kimbunga, nacho kilitumika mwaka huo.

Nani hulipia unafuu?

Mtalii ana tiketi ya kurudi kwao. Dhoruba ikitangazwa, ana siku mbili au tatu za kuamua kuondoka, na akikawia, hoteli imara za saruji ndizo humhifadhi. Mwenyeji hubaki na nyumba yake.

Hata mwaka usio na kimbunga, msimu huo ni mgumu kwa wenyeji. Septemba na Oktoba baadhi ya hoteli na mikahawa hufungwa kabisa ili kufanya ukarabati, nao wafanyakazi hupunguziwa siku za kazi au kwenda likizo isiyo na malipo. Watumishi wa hoteli za Diani, Watamu na Malindi wanaijua hali hiyo, kwani nao hupitia ukame wa aina hiyo mvua ya masika inapoanza.

Kwa sababu hiyo, mgeni anayefika wakati huo huwa na thamani kuliko idadi yake. Dereva wa teksi, muuza viungo sokoni na mwenye nyumba ndogo ya wageni humhitaji zaidi Julai kuliko Februari, hasa akitumia pesa zake nje ya uzio wa hoteli.

Tahadhari kabla ya hatari

Anayetaka unafuu bila kujiweka sana hatarini anashauriwa kuchagua Juni au Julai badala ya Septemba. Beryl ilionyesha kuwa hata miezi hiyo si salama kabisa, lakini uwezekano wa kukumbwa ni mdogo.

Bima ya safari inafaa kununuliwa mapema, mara tu tiketi inapolipiwa. Kampuni nyingi hazifidii hasara inayotokana na kimbunga ambacho tayari kilikuwa kimepewa jina siku bima iliponunuliwa. Ni vyema pia kusoma masharti ya hoteli kuhusu kurejeshewa pesa, na kuuliza ina makao gani ya dharura.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Grenada. Msafiri hulazimika kupitia Ulaya au Amerika Kaskazini, na anapaswa kuulizia mapema iwapo atahitaji viza ya kupitia huko, kwani gharama yake yaweza kumeza kiasi chote kilichookolewa hotelini.

Akishafika, asikilize taarifa za hali ya hewa kila siku na kutii maagizo ya maafisa wa kukabiliana na majanga. Wakazi wa Grenada, ambao wengi wao waliliona paa la nyumba yao likipeperushwa mwaka wa 2004, hawaichukulii redio kwa mzaha kuanzia Juni hadi Novemba.