Lenzi za Zeiss: Kutoka Karakana ya Jena hadi Mwezini

Kampuni ya Zeiss, ambayo jina lake huonekana leo kwenye baadhi ya lenzi zinazothaminiwa sana na wapiga picha, ilianzishwa na Carl Zeiss mwaka 1846 katika mji wa Jena, Ujerumani, ikiwa karakana ndogo ya vyombo vya sayansi, na bidhaa iliyoipatia sifa kwanza ni hadubini. Wakati huo mafundi walipanga vioo vya lenzi kwa kujaribujaribu mpaka taswira iridhishe. Mwaka 1866 Zeiss alimwajiri mwanafizikia Ernst Abbe, aliyeonyesha kwamba njia ya miale ya mwanga ndani ya lenzi yaweza kukokotolewa kabla fundi hajagusa kioo. Hata hivyo, hesabu zake zilikwamishwa na uhaba wa aina za kioo, kwa kuwa kioo hupinda kila rangi ya mwanga kwa kiwango chake, na bila vioo vya tabia mbalimbali vinavyorekebishana, kingo za taswira hubaki na ukungu wa rangi. Ndipo mkemia Otto Schott alipoungana nao, na mwaka 1884 kikaanzishwa mjini Jena kiwanda cha vioo vya aina mpya. Msingi wa ubora wa Zeiss umo hasa katika muungano huu wa hesabu na kioo, kuliko katika kamera yoyote.

Lenzi za kupigia picha zilifuata mwaka 1890 chini ya mbunifu Paul Rudolph. Majina yaliyoandikwa kwenye lenzi hizi, ambayo wanunuzi wengi huyadhania kuwa mapambo ya kibiashara, kwa kawaida hueleza mpangilio wa vioo vilivyomo ndani. Planar ya mwaka 1896 ilikuwa na vioo sita vilivyopangwa kwa ulinganifu wa mbele na nyuma, ilhali Tessar ya mwaka 1902 ilitumia vinne tu, viwili vya nyuma vikiwa vimegundishwa pamoja, ikawa nyepesi, kali na ya bei nafuu kiasi cha kuigwa na viwanda vingi duniani.

Planar ilikuwa bora kwa hesabu, lakini ilichelewa kutumika sana, na sababu yake inastahili kuelezwa. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa huakisi takribani asilimia 4 hadi 5 ya mwanga, na nyuso zikiwa nyingi, mwanga huo hurukaruka ndani ya lenzi na kufifisha picha. Mbunifu wa lenzi Ludwig Bertele alilikwepa tatizo hilo katika Sonnar, lenzi ya miaka ya 1930, kwa kugundisha vioo vingi pamoja ili nyuso za hewa zipungue. Suluhisho la kudumu lilitoka kwa Alexander Smakula, mtaalamu wa Zeiss, ambaye mwaka 1935 alibuni utando mwembamba mno wa kupaka kwenye kioo ili kupunguza mwakisiko, na ugunduzi huo, ambao pengine ndio mchango mkubwa kuliko yote wa kampuni hii, ukaipa Planar uhai mpya.

Vita Kuu ya Pili iliigawa kampuni: mwaka 1945 Wamarekani waliwahamishia magharibi makumi ya wataalamu wake, walioanza upya mjini Oberkochen, huku Jena ikibaki chini ya Wasovieti, na pande hizo mbili zikagombania jina mahakamani hadi mwaka 1971. Hata baada ya mgawanyiko huo, ni lenzi ya Zeiss iitwayo Biogon, ya milimita 60, kwenye kamera ya Hasselblad, iliyotumika kupiga picha juu ya uso wa mwezi mwaka 1969. Planar ya milimita 50 yenye uwazi wa f/0.7, iliyotengenezwa kwa ajili ya NASA, ilimwezesha mwongozaji Stanley Kubrick kurekodi sehemu za filamu ya Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975, kwa mwanga wa mishumaa.

Miongoni mwa familia za karibuni zimo Otus iliyotangazwa mwaka 2013, pamoja na Loxia na Batis zilizobuniwa kwa kamera za Sony zisizo na kioo cha kuakisia, huku lenzi za ZM, zinazofungwa kwenye kamera za Leica M, nyingi zikitengenezwa Japani na kampuni ya Cosina kwa michoro na viwango vya Zeiss.