Karatasi ya Maabara Yasemaje Juu ya Mgonjwa Wetu?

Mara nyingi tuendapo kumzuru mgonjwa, jamaa zake hututolea karatasi ya maabara na kutuuliza: "Sheikh, hii CRP imepanda; je, mzee atapona?" Sisi si matabibu, lakini tumewauliza wajuao, na yafaa tuwafikishie ndugu zetu tuliyofahamishwa.

Virusi vinapoingia mwilini, kinga huamka kupigana navyo, na mapambano hayo huwasha moto ambao matabibu huuita mchochota. Ini likipata habari hiyo humwaga katika damu protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930. Kwa mtu mwenye afya, kwa kawaida haifiki miligramu 10 katika lita moja. Kwa mgonjwa mahututi wa korona huweza kupita 100. Ferritini nayo hupanda, na D-dimer ikizidi huashiria kuwa damu inaganda mishipani.

Basi tufahamu kwamba vipimo hivi havihesabu virusi, bali hupima ule moto. Moto wa kadiri huivisha chakula. Ukizidi huunguza nyumba. Wengi waliozidiwa na korona, mapafu yao yalidhuriwa pia na kinga yao wenyewe.

Hapa pana jambo la kuonyana. Mwezi wa Juni 2020, uchunguzi wa RECOVERY nchini Uingereza ulidhihirisha kuwa deksamethasoni, dawa rahisi ya kutuliza mchochota, ilipunguza vifo kwa takriban thuluthi moja kwa waliolazwa wakiwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Kuituliza kinga mapema ni kumpokonya askari silaha angali vitani. Kwa hiyo, mama zetu, homa ianzapo nyumbani tusikimbilie kununua vidonge hivyo dukani bila ya agizo la daktari.

Tena CRP hupandishwa na maradhi mengi, hata ya bakteria. Daktari huitazama pamoja na pumzi ya mgonjwa na kiwango cha oksijeni, siku baada ya siku. Nasi tumuulize: "Imepanda au imeshuka tangu jana? Oksijeni yake je?"

Ama lile swali la kwanza, karatasi haijui siku ya mtu. Aijuaye ni Mwenyezi Mungu. Letu sisi ni kutafuta tiba kwa elimu, na dua tusiiache.