Bangi Ndani ya Nyumba: Unyevu, Joto, Mwanga na Afya ya Wakaaji

Katika jimbo la Colorado, mtu aliyetimiza umri wa miaka 21 anaruhusiwa kupanda nyumbani mimea ya bangi isiyozidi 6, na inayochanua kwa wakati mmoja isizidi 3. Kwa kawaida nyumba moja haipaswi kuzidisha mimea 12, hata wakaaji wake wakiwa wengi, na baadhi ya miji ina masharti makali zaidi. Waraka huu haumhimizi mtu yeyote kupanda. Unaeleza jinsi hali inayoufaa mmea inavyoweza kuwadhuru wanaoishi chini ya paa hilo hilo.

Unyevu
Karibu maji yote yanayofyonzwa na mizizi hutoka tena hewani kupitia majani. Mmea mchanga hupendelea unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 70, ilhali nyumba ya kukaa watu yafaa iwe kati ya asilimia 30 na 50. Unyevu ukizidi, ukungu huota ukutani na kuchochea pumu na kikohozi, hasa kwa watoto na wazee. Maua nayo huoza kwa ukungu wa kijivu. Bangi iliyoota ukungu isitumiwe kamwe: kwa mwenye kinga dhaifu, yaweza kumletea maradhi ya mapafu. Chumba kiwe na kipima unyevu na feni inayotoa hewa hadi nje ya nyumba, si darini. Maji yakimwagika yakaushwe kabla ya saa 24 hadi 48 kupita.

Joto
Nyuzi 20 hadi 28 za Selsiasi huutosha mmea. Wakati wa baridi, jiko la mkaa au la gesi lisitumiwe kupasha chumba joto. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Kila nyumba iwe na king'ora cha hewa hiyo na cha moshi.

Mwanga
Saa 18 za mwanga kwa siku hukuza majani. Saa 12 za giza lisilokatizwa huleta maua. Taa inayowaka muda mrefu hivyo hupasha nyaya moto. Ichomekwe moja kwa moja ukutani, mbali na mapazia na maji, wala nyaya za kuongezea zisiunganishwe moja kwa nyingine. Taa za LED hutoa joto pungufu.

Watoto
Mimea sharti iwe mahali palipozibwa na kufungwa kwa kufuli. Mtoto akila bangi, kituo cha sumu kipigiwe simu 1-800-222-1222. Akiwa haamki au anapumua kwa shida, ipigwe 911 mara moja.

Wasio raia
Sheria ya jimbo haiifuti sheria ya serikali kuu ya Marekani, ambayo ingali inakataza kupanda bangi nyumbani. Mhamiaji au mkimbizi anayepanda, hata akifuata kila sharti la Colorado, anaweza kunyimwa uraia au kuhatarisha haki yake ya kuishi nchini. Anayekaa katika nyumba inayolipiwa kwa msaada wa serikali kuu anaweza kuipoteza. Ni busara kumwona mwanasheria wa uhamiaji kabla ya mbegu ya kwanza kutiwa udongoni.