Simu Yako Mbele ya Afisa wa Mpakani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia begi la msafiri. Leo tuingie ndani ya simu, na tubaki Marekani, maana ndugu zetu wengi huenda huko kusoma na kutafuta maisha.

Mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba polisi akimkamata mtu haruhusiwi kupekua simu yake bila kibali cha hakimu. Ni hukumu nzuri mno, ila haikugusa mipaka. Pale uwanja wa ndege afisa wa forodha hutegemea kanuni ya tangu sheria ya forodha ya mwaka 1789: serikali ina haki ya kukagua chochote kinachoingia nchini. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya makasha ya melini.

Waraka wa idara ya forodha wa Januari 2018 umegawa upekuzi huu mara mbili. Wa kwanza ni wa mkono: afisa anafungua picha, ujumbe na majina, wala halazimiki kuwa na sababu yoyote. Wa pili, simu inaunganishwa na mtambo wa kunakili au kuchambua yaliyomo. Huo unahitaji sababu za msingi za kumshuku mtu, au suala la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wa kazi. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ya huko Boston iliukubali utaratibu huo katika kesi ya Alasaad.

Mimi siukubali. Afisa mwenye subira, kwa kidole chake tu, anaweza kusoma maongezi ya miaka mitano kati yako na mama yako, na mama hakuulizwa. Fikiria pia magrupu ya WhatsApp. Mtu usiyemjua anatuma picha usiku, programu inaihifadhi yenyewe, na asubuhi imekaa kando ya picha za harusi ya dada yako. Agosti 2019 kijana Mpalestina aliyekuwa anakwenda kuanza masomo Harvard alirudishwa kutoka Boston. Alieleza kwamba afisa alimhoji kuhusu maandishi ya marafiki zake mtandaoni, si yake. Siku chache baadaye aliruhusiwa kuingia, lakini uchungu ule nani ataufuta?

Raia wa Marekani akikataa kutoa nywila hawezi kufungiwa mlango wa nchi yake, ingawa simu inaweza kubaki mikononi mwa maafisa, kwa kawaida isizidi siku tano. Mwenye viza akikataa anaweza kurudishwa alikotoka. Haki ambayo kuidai kunakugharimu safari nzima ni haki pungufu, na hilo mahakama bado hazijalitibu.

Kwa hiyo jiandae kabla ya kupanda ndege. Zuia WhatsApp kuhifadhi picha yenyewe. Zima simu kabisa kabla ya kufika dirishani. Usimdanganye afisa. Waraka unamtaka akate mawasiliano ya intaneti kabla ya kupekua, asome kilichomo kwenye simu tu. Mkumbushe kwa heshima. Akiichukua, omba stakabadhi.

Wiki ijayo tutakwenda Uingereza, ambako kumnyima afisa nywila chini ya Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 kunaweza kukufikisha kizimbani.