Julai jijini: Simu huleta kila kitu ila joto

Na MWANDISHI WETU

MWEZI wa Julai unapobisha hodi, mkazi wa Nairobi hahitaji kalenda kumjulisha. Hujulishwa na maji ya mfereji alfajiri, na vioo vya matatu vilivyotanda ukungu wa pumzi za abiria, na watoto wa shule waliofungwa sweta, kofia za sufu na soksi ndefu hata usiweze kutambua yupi ni wa nani.

Mgeni kutoka Ulaya husikia malalamiko yetu akacheka. Kwao majira ya baridi ni theluji, nasi twalia kwa sababu kipimajoto kimeshuka hadi nyuzi 11 au 12 usiku! Mchana hupanda hadi nyuzi 21 au 22 hivi, kiasi ambacho mgeni huyo angevulia koti.

Lakini mgeni huyo amesahau jambo moja. Nyumba za kwao zimejengewa mitambo ya kupasha joto. Zetu hazina. Nyumba ya mawe huko Umoja hushika baridi ya usiku mpaka saa sita mchana, na ile ya mabati huko Mukuru nayo huwa baridi. Mkazi wa Nairobi hulala na baridi, akaamka nayo, akaenda nayo kazini.

Chanzo chake kinajulikana. Jiji letu limekaa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huwa limehamia upande wa kaskazini wa dunia, na pepo za kusi kutoka Bahari ya Hindi huleta hewa ya ubaridi yenye unyevu. Hewa hiyo ikipanda nyanda za juu hugeuka mawingu mazito yanayoning'inia chini na kulizuia jua siku nzima. Wenzetu wa pwani huuita msimu huu kipupwe na kuufurahia kwa kuwa joto limepungua. Huku bara tunauogopa.

SIMU KWANZA, BLANKETI BAADAYE

Zamani mtu akiamka alichungulia dirishani. Siku hizi mkono hutoka chini ya blanketi kwa sababu moja tu, nayo ni kuitafuta simu. Programu za simu, ambazo wengi huziita apu, zimekuwa sehemu ya kuukabili msimu huu.

Ya kwanza kufunguliwa ni ile ya hali ya hewa. Mzazi huitazama kuamua iwapo mtoto ataongezewa sweta ya pili, naye mama wa kibanda huitazama kujua atapika uji wa sufuria moja au mbili. Manyunyu yakitabiriwa, msafiri wa Githurai, Kayole au Rongai hujua kwamba nauli huenda ikapanda, kwa maana makondakta wetu wana macho makali kuliko mtabiri yeyote wa hewa.

Ya pili ni M-Pesa. Tangu ilipoanzishwa Machi 2007, huduma hii imeingia katika kila shughuli ya mji, na wakati wa baridi umuhimu wake huongezeka. Anayeuza chai ya tangawizi kituoni hapendi kuhesabu sarafu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mteja humtumia pesa, simu ikalia, kikombe kikatolewa. Umeme ukikatika usiku, mwenye nyumba hununua tokeni akiwa kitandani. Tarakimu 20 hufika kwa ujumbe, naye hulazimika kuamka kuzibonyeza kwenye mita.

Ya tatu ni WhatsApp, baraza la siku hizi. Humo mna kundi la wazazi wa darasa, kundi la chama, kundi la ploti na kundi la kazini ambalo msimamizi hulitumia kuuliza kabla ya saa mbili asubuhi nani hajafika.

Kisha kuna ramani. Njia za matatu za Nairobi ziliingizwa katika ramani za Google mwaka 2015, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Marekani kuzichora kwa kutumia simu. Asiyetaka kusimama kituoni katika upepo anaweza kujipangia safari mapema, ijapokuwa hakuna ramani itakayomwambia kama gari litakuwa na kiti.

Mwisho ni zile apu zinazopendwa kuliko zote msimu huu: za kuita teksi au bodaboda, na za kuagiza chakula. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na wengine wakafuata. Leo mtu aliye ofisini Upper Hill hubonyeza mara tatu, na baada ya muda supu moto ikamfikia mezani. Hakuinuka, hakufunga kifungo cha koti.

BALI NANI AMETOKA NJE?

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Supu hiyo haikutembea yenyewe. Yupo aliyeipitisha katika upepo na manyunyu. Apu haikuondoa baridi, bali iliihamisha kutoka kwa mwenye kubonyeza hadi kwa mwenye kuendesha.

Na baridi ya mwendesha pikipiki si ile ya mtembea kwa miguu. Hewa ikiwa nyuzi 10 na pikipiki ikienda kasi ya kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kana kwamba ni nyuzi 5 au 6. Upepo huo humpata kifuani, magotini na kwenye vidole vinavyoshika breki. Kidole kilichokufa ganzi hushika breki kwa kuchelewa, na barabara yenye utelezi haisubiri. Ndiyo maana utawaona vijana hawa wamejaza magazeti na makatoni ndani ya majaketi yao. Si ushamba. Karatasi huzuia upepo, na wao wamelijua hilo kwa kazi, si kwa kitabu.

Malipo nayo yana maneno yake. Kanuni za Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, za mwaka 2022 ziliweka asilimia 18 kuwa kiwango cha juu ambacho kampuni ya apu inaweza kumkata dereva katika nauli ya safari. Hata hivyo, Julai 2024, katikati ya baridi hiyo hiyo, madereva wa teksi za apu waligoma Nairobi wakidai kwamba nauli ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mafuta. Mteja aliyezoea kubonyeza alijikuta kituoni akipigwa na upepo pamoja na wenzake.

Wapo pia wafanyakazi ambao baridi yao haionekani barabarani. Ni vijana wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa Marekani: kuandika mazungumzo yaliyonaswa kwa sauti, kujibu maswali ya wateja, kupanga picha na maandishi. Mwezi Julai, saa tatu asubuhi mjini New York huwa saa kumi jioni hapa. Los Angeles ikifika saa tatu asubuhi, Nairobi ni saa moja usiku. Basi anayefuata saa za ofisi za huko hufunga kazi saa tisa usiku, wakati baridi imeiva. Tajiri wake yuko katika majira ya joto, amefungua dirisha. Yeye amejifunika blanketi mabegani, soksi mbili miguuni, anapuliza vidole ili vibonyeze.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwenye blanketi naye hamjui aliye juu ya pikipiki.

MKOPO WA USIKU

Baridi ni ghali. Gesi huisha upesi kwa sababu maji ya kuoga huchemshwa kila asubuhi. Mwenye shawa ya umeme ya kilowati 5 ajue kwamba dakika 12 tu za kuoga humla uniti moja kamili ya stima. Familia ya watu watano wakioga hivyo kila siku watamaliza uniti 150 kwa mwezi, kabla ya taa na pasi. Ongeza dawa ya kikohozi, sweta za mitumba za Gikomba na nauli ya manyunyu.

Mshahara ukipungukiwa, simu ile ile hujitolea kusaidia. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, humwezesha mtu kulipa hata akiba yake ya M-Pesa ikiwa imekwisha. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilianza kwa kutoa mikopo ya kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Pembeni kuna apu chungu nzima za mikopo, nyingine njema, nyingine za kumnyonya mtu.

Ubaya wa mkopo wa simu ni wepesi wake. Zamani anayekopa alilazimika kuvaa viatu, kwenda kwa jirani na kueleza shida yake. Aibu hiyo ilikuwa lijamu. Siku hizi mtu hukopa saa nne usiku akiwa chini ya blanketi, na ada za kila siku huanza kuhesabiwa naye akikoroma.

Anayedaiwa ajue pia haki yake. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kumtisha mdeni, kumtusi au kuwapigia simu jamaa na marafiki zake bila idhini ili kumwaibisha. Kabla ya kukopa, hakikisha kampuni hiyo imo katika orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Lakini haki hiyo haifuti deni. Dawa ya deni ni kulipa.

JIKO NDANI YA CHUMBA

Kuna joto moja ambalo kila mwaka huwaua Wakenya, nalo ni la jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku, mlango na madirisha yakafungwa. Wengi hudhani kwamba makaa yakishakolea na moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Hilo ni kosa kubwa. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala huweza kufariki pasipo kuamka.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ikiwa watu kadhaa chumbani wanalalamika hivyo kwa pamoja, usidhani tu kwamba ni malaria au chakula. Wafungulie mlango, watoe nje penye hewa safi, uwapeleke hospitali bila kungoja kupambazuke. Namba za dharura ni 999 na 112. Hakuna apu itakayokuamsha ikiwa hewa hiyo imekwisha kuingia mapafuni.

Jiko likitumika ndani kupika, dirisha liwe wazi, na kabla ya kulala litolewe nje kabisa. Kulisogeza pembeni tu hakusaidii. Joto la kulalia litafutwe kwingine: chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, katoni au mkeka chini ya godoro ili baridi ya sakafu isipande, na watoto kulala pamoja. Mtoto anayepumua kwa haraka au ambaye kifua chake hubonyea ndani akivuta pumzi apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwani nimonia haingojei mwisho wa mwezi. Chanjo ya kuzuia aina moja kuu ya ugonjwa huo imekuwa katika ratiba ya watoto wa Kenya tangu mwaka 2011. Tazama kadi ya kliniki uone kama mwanao aliimaliza.

TUITUMIE VIZURI

Makala haya hayamkatazi mtu simu yake. Hata mwandishi ameyaandika akiwa na simu pembeni. Neno letu ni kwamba simu ni mjumbe, na mjumbe hutumwa na mtu kwa mtu.

Ukiagiza chakula usiku wa manyunyu, teremka umpokee kijana langoni badala ya kumpandisha ghorofa ya tano. Usimpigie simu mara nne akiwa barabarani, kwani kila simu ni mkono mmoja kutoka kwenye breki. Ukiweza, muongezee shilingi hamsini mkononi mwake. Msimamizi anayewaandikia watu saa kumi na moja alfajiri angoje hata saa moja.

Kundi la ploti nalo lifanye kazi zaidi ya kutuma vichekesho. Kina nani hapa wana mtoto mchanga? Nani anaishi peke yake? Nani amekatiwa stima na huenda usiku akaingiza jiko? Maswali hayo matatu yakiulizwa kundini jioni ya baridi kali, huenda yakaokoa nyumba nzima. Yule asiyejibu, usimwandikie mara ya pili. Vaa sweta, panda ngazi, ukabishe mlangoni kwake.