Kidonda anachofichwa nyapara

Je, msomaji, unamjua mtu anayeficha kidonda ili asipoteze kibarua? Simama alfajiri kando ya Waiyaki Way, pale Kangemi. Utawaona vijana wa mjengo wakielekea Westlands, walinzi wakirudi kutoka zamu ya usiku, na akina mama wanaokwenda kufua nguo Loresho na Lavington. Wengi hulipwa kwa siku, na siku bila kazi ni siku bila unga.

Kijana wa namna hii akikanyaga msumari, hamwambii nyapara. Hufunga mguu kwa kitambaa, akavaa gambuti na kuendelea kubeba zege. Hofu yake ina sababu: amemwona mwenzake aliyesema anaumwa akiambiwa asirudi kesho. Lakini vijidudu vya pepopunda, ambavyo hukaa katika udongo na samadi, hupenda sana tundu refu kama hilo. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21, kwa kawaida: taya hukaza, shingo huwa ngumu, kisha mwili hukakamaa, na wengi hufa. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha uende zahanati ukaulize kuhusu chanjo, hata kama damu imekatika. (Wako wanaopaka mafuta ya taa. Tafadhali usipake.)

Sasa wewe uliye msimamizi. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampeleke hospitali aliyeumia kazini na kulipia matibabu. Sheria ya ajira ya mwaka huo huo inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, na 7 nyingine kwa nusu, kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Hata kibarua aliyeendelea kwa muda huo bila kukatizwa anahesabiwa.

Hata hivyo sheria iliyobandikwa ukutani haimshawishi mtu. Watu wako wanatazama jambo moja tu: yule wa kwanza aliyesema "nimeumia" alifanywa nini? Ukimlipa siku yake, wengine watakuja mapema. Ukimfokea, hutasikia neno tena mpaka siku ya kumbeba. Na ukiambiwa ugonjwa wa mtu, usiutangaze wakati wa chai. Sheria hairuhusu kumfukuza mtu kwa sababu ana virusi vya Ukimwi, lakini uvumi humfukuza bila barua.

Kuna wizi mwingine wa imani. Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Mwajiri asipoipeleka pesa hiyo, mgonjwa huligundua jambo hilo dirishani hospitalini. Usingoje kuugua, piga *147# ukaangalie.

Papa Francis alipofika Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliitaja kazi pamoja na ardhi na makao kuwa haki takatifu. Waajiri wengi wa Nairobi walimshangilia.

Nawe mfanyakazi, cheti cha ugonjwa cha kununua kinamharibia mwenzako anayeumwa kweli. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo mbele ya shahidi mmoja, na uandike tarehe na saa.