Umeme Upitao Chini

Katika milima ya Umatengo, upande wa Mbinga na Namswea, mashamba yamelala juu ya miteremko mikali. Mvua ikinyesha kwa nguvu, udongo ungeteremka wote bondeni kama Wamatengo wasingekuwa na akili ya ngoro. Nyasi hufyekwa, na zikiisha kukauka hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana kama nyuzi za wavu. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile. Hivyo hupatikana shimo katikati na matuta pande zote. Mbegu hupandwa juu ya matuta. Maji hutulia shimoni. Nazo nyasi zilizozikwa huoza na kuilisha mizizi kutoka chini. Tena tuta moja hutumika kwa mashimo mawili, la huku na la huku, wala mahali hapapotei bure.

Mambo hayo mawili, kulisha kutoka chini na kushiriki tuta, yanafanana sana na kazi ya mafundi wa chipu.

Ndani ya kila simu ya mkononi mna kipande cha silikoni kiitwacho chipu, kipana kama ukucha wa kidole. Ndani yake zimo transista maelfu ya milioni. Transista ni mlango mdogo wa umeme: hufunguliwa na kufungwa kwa umeme wenyewe, na kwa kufungua na kufunga huko simu huhesabu, huandika na kusema. Transista ya kwanza ilifanywa Marekani mwaka 1947, nayo iliweza kushikwa kwa mkono. Mwaka 1959 Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said katika Misri, pamoja na Dawon Kahng wa Korea, walifanya namna nyingine iliyo rahisi kupunguzwa umbo. Hiyo ndiyo mama wa transista za leo.

Milango hii hufanya kazi miwili miwili: mmoja ukifunguka, mwenzake hufungwa. Tangu zamani iliwekwa ubavu kwa ubavu. Sasa mahali pamekuwa haba, na mafundi wanajaribu kuuweka mmoja juu ya mwenzake, kama nyumba ya ghorofa katika mji uliojaa watu.

Walakini ghorofa ina taabu yake. Kila transista yahitaji nyaya za namna mbili: za kuleta umeme wa kuilisha, na za kupeleka habari. Nyaya zote hizo zilikuwa zikipita juu ya chipu, tabaka juu ya tabaka, zikigombea nafasi. Waya ukiwa mwembamba huupinga umeme. Sehemu ya nguvu hugeuka joto njiani, na transista ya mwisho hupata nguvu pungufu. Ndivyo ulivyo mfereji mwembamba wa maji: wenye mashamba ya juu hunywesha, na mwenye shamba la mwisho huambulia matope. Transista isiyopata nguvu ya kutosha hukawia, ama hukosea hesabu.

Dawa iliyopatikana ni kuupitisha umeme kutoka chini. Transista hujengwa kwanza juu ya kisahani cha silikoni, na nyaya za habari juu yake. Kisha kisahani kingine hugandamanishwa juu, vyote viwili hupinduliwa, na mgongo wa kile cha kwanza husagwa hata uwe mwembamba mno. Hapo hutobolewa matundu madogo na kujazwa madini, na nyaya nene za umeme hutandazwa mgongoni. Upande wa pili huachiwa nyaya za habari. Mwaka 2023 kampuni ya Intel ilitangaza kwamba katika chipu yake ya majaribio upotevu wa nguvu njiani ulipungua zaidi ya 30 kwa mia, na mwendo ukazidi 6 kwa mia. Mwaka 2025 ilianza kutengeneza chipu zinazolishwa hivyo katika jimbo la Arizona, ingawa transista zake hazikuwa za ghorofa.

Kwa transista za ghorofa, ile ya chini hulishwa moja kwa moja kutoka mgongoni. Ya juu iko mbali, hivyo hupelekewa umeme kwa nguzo ya madini ipandayo kando ya mwenzake. Nguzo ikila mahali pengi, faida ya ghorofa hupotea. Basi mwaka 2024 wataalamu wa imec, nyumba ya uchunguzi iliyoko Leuven katika Ubelgiji, walionyesha mpango wa safu mbili. Safu hizo hushiriki ukuta mmoja wa nyaya za habari ulio kati yao, na umeme huja kwa upande mwingine wa kila safu. Kwa mpango huo kimo cha kila chumba kilipungua toka vipimo 4 hata 3.5, yaani sehemu moja ya nane. Ni tuta moja kwa mashimo mawili.

Kazi haijaisha. Silikoni iliyosagwa sana haisambazi joto vema kama ile nene, na joto likizidi huidhuru chipu. Mwenye ngoro naye akiacha kufukia nyasi, udongo wake huchoka. Penye nafasi ndogo, fundi hodari hutazama kwanza kama chakula kimemfikia aliye mbali.

Maswali

1. Nyasi zilizozikwa katika ngoro zina kazi gani?
2. Kwa nini waya mwembamba hupoteza nguvu?
3. Transista ya juu hupataje umeme?